Mkono Mmoja na Ngoma ya Mto Tana

Mtu atokaye Malindi kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu hana budi kuuvuka Mto Tana pale Garsen, mahali ambapo zamani, kabla ya kujengwa daraja, watu na magari na mifugo walikuwa wakingoja feri kwa subira, na nyakati za mafuriko subira hiyo ikawa ya siku na majuma. Na akisimama ukingoni ataona maji ya rangi ya udongo yakipita taratibu baina ya migomba na miembe ya Wapokomo, huku ng'ombe wa Waorma wakishuka kunywa, yakiteremka kuelekea Ozi na Kipini, ambako mto huu, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huingia baharini. Nchi hii ya delta ndiyo nchi ya Fumo Liyongo. Hikaya za pwani zasema kwamba shujaa huyo alikaa Shaka, karibu na Kipini, na ya kwamba kaburi lake liko Ozi. Nami, niliyekusudia kuandika habari za ala za muziki zinazowafaa watu wenye ulemavu wa viungo, sikuona mlango wa kuingilia ulio bora kuliko mlango wa Liyongo, ingawa yeye alikuwa mtu wa kimo na nguvu zilizowatia hofu wafalme.

Muhammad Kijuma wa Lamu, malenga na mwandishi wa khati nzuri, ambaye pia alikuwa fundi wa kupiga kibangala, ala ya nyuzi, aliitunga hikaya hiyo kuwa utenzi mwaka 1913, na ndani yake asimulia jinsi Liyongo alivyotiwa gerezani na mfalme wa Pate, akafungwa pingu na minyororo, akangoja kuuawa. Kijakazi Saada akawa akimletea chakula, na kwa ulimi wa mafumbo Liyongo akampelekea mamake habari kwamba afanye mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Tupa ilipomfikia, akaomba kwa mfalme apewe usiku wa ngoma ya gungu kabla ya kufa kwake, akawafundisha watu maneno ya kuitikia, na upatu na tasa vilipoanza kulia na makelele ya furaha yakapanda, yeye ndani akawa akikata minyororo yake polepole, na sauti ya chuma kwa chuma isisikike asilani.

Nimeifikiri hikaya hii kwa muda mrefu. Kwa siku zile za gereza Liyongo alikuwa kama mtu asiye na mikono wala miguu, maana pingu zilikuwa zimevizuia viungo vyake kazi yake, naye hakuweza kushika kibangala wala kulicheza gungu aliloliomba mwenyewe. Walakini mwenye ngoma usiku ule alikuwa yeye, kwa kuwa alijua kugawa: huyu apige tasa, yule apige upatu, wale waitikie, na yeye abaki na sauti ya kutoa maneno na vidole vichache vya kushika tupa. Mgawo huu Liyongo hakuuzua. Aliukuta katika ngoma za nchi yake, na huo ndio nitakao kuuonyesha katika habari hizi, kwamba muziki wa mto huu na wa pwani yake ulitengenezwa tangu zamani kwa namna ambayo haumdai mtu mmoja awe na mwili mzima, bali humwomba kila mmoja alete kile alicho nacho.

Na hitaji la jambo hilo lilikuwapo. Mamba wa Tana hawajakoma kuwavizia wachota maji na waogao, na miongoni mwa wanusurikao wako warudio nyumbani wamepungukiwa na mkono au mguu. Mbu wa mabwawa waleta matende, maradhi ambayo tangu Kwale mpaka Tana River na Lamu yahesabiwa kuwa maradhi ya pwani, mguu ukavimba hata mwenye nao akashindwa kusimama kitambo. Ukoma, kabla ya dawa zake kujulikana, ulikula vidole. Polio, kabla ya chanjo, ilikuwa ikiilegeza miguu ya watoto kwa homa ya siku chache. Watu wa pwani wana neno lao, hujafa hujaumbika, na anayelisema aghalabu hushusha sauti, kwa kuwa ajua kwamba umbo alilo nalo leo ameazimwa.

Sasa na tuiangalie ngoma. Chapuo ni ndogo, mpigaji huipakata au huining'iniza shingoni. Msondo ni mrefu na hulia kwa sauti ya kupasua. Vumi ni ngoma nene, na mlio wake husikika tumboni kabla ya kufika masikioni. Mgeni akizisikia zikilia pamoja hudhani kwamba kila mpigaji anafanya mambo mengi kwa kasi ya ajabu, lakini akikaa kitako karibu yao, akamfuata mmoja mmoja kwa sikio, atagundua kwamba mmoja amepewa pigo fupi lisilobadilika tangu magharibi mpaka alfajiri, wa pili amepewa kulijibu pigo hilo katika nafasi iliyoachwa wazi, na ni mmoja tu, fundi mwenyewe, aliye na ruhusa ya kutangatanga juu ya wenzake na kusemezana na wachezaji. Yule wa pigo lisilobadilika mkono mmoja wamtosha. Hata kigutu cha mkono, kikifungiwa kijiti kwa kitambaa, chaweza kuibeba kazi yake usiku kucha, na wala kazi hiyo si ya chini, maana akikosea yeye ngoma nzima huanguka, ilhali fundi akikosea watu hudhani ni ufundi.

Upatu nao ni ala yenye huruma. Ni sinia la shaba lililazwalo, likapigwa kwa vijiti, na mpigaji wake huketi; mwenye matende, mwenye mguu mmoja, na aliyezaliwa na miguu isiyonyooka wote huketi sawasawa mbele ya upatu, na aliyeketi hakuna amwulizaye habari za miguu yake. Kwa upande mwingine, mtu asiye na mikono lakini mwenye miguu hufungiwa njuga, au msewe wa ukindu uliotiwa mbegu, na kila hatua yake ikawa pigo. Na baragumu la pembe, kwa kuwa halina matundu ya vidole ila tundu moja la kupulizia lililotobolewa ubavuni, lataka mdomo na pumzi tu, na mkono mmoja wa kulishika.

Lakini lazima niseme kweli, kwamba si ala zote za kwetu zina huruma hiyo. Zumari lataka vidole vya mikono miwili juu ya matundu yake, na pumzi isiyokatika, na mtu aliyepungukiwa na vidole viwili au vitatu hulitazama kwa mbali. Kayamba, lile sanduku bapa la mabua lililojazwa mbegu za mturituri, ambalo Wamijikenda wamelifanya kuwa moyo wa ngoma zao, hushikwa kwa viganja viwili na kutikiswa huku na huku huku vidole gumba vikiligonga, na mwenye mkono mmoja hushindwa nalo, isipokuwa lipigiliwe juu ya fremu nyepesi iliyofungwa kwa kamba, ikisukumwa na mkono mmoja au na goti. Kazi hiyo haimshindi seremala yeyote wa Garsen ajuaye kupasua mbao. Nayaandika haya kwa makusudi, kwa sababu katika kuwasifu wazee wetu mtu hujisahau akadhani kwamba wao walimaliza kila kitu.

Siwa ni habari nyingine. Ile ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba, ambazo zote mbili zimehifadhiwa Lamu hata leo, zilikuwa ala za enzi: hazikupigwa ila kwa ruhusa, katika arusi na sherehe za watu wakubwa. Siwa hupulizwa kwa tundu la ubavuni, haina matundu ya vidole, na kwa ukubwa wake si aibu mtu mwingine kusaidia kuubeba uzito wake. Kwa hiyo ala yenye adhama kuliko zote katika pwani hii ni ala ambayo mtu asiye na kidole hata kimoja angeweza kuiliza, maadamu ana mapafu na midomo, na maadamu waungwana wamempa ruhusa. Na hapo penye ruhusa ndipo penye ugumu, kwani aghalabu kizuizi kilikuwa katika nasaba zaidi kuliko katika viungo.

Wapokomo walikuwa na ala yao ya enzi, nayo ni ngadji, ngoma kubwa iliyochongwa kwa gogo la mti, ambayo wazee wake waliitunza mahali pa siri, na watu wa kawaida wakaijua kwa sauti tu. Ngoma hiyo ilichukuliwa na maofisa wa serikali ya Kiingereza katika miaka ya mwanzo ya utawala wao, ikapelekwa London, na tangu mwaka 1908 imo katika ghala la Makumbusho ya Uingereza. Zaidi ya karne moja imepita bila ya sauti yake kusikika ukingoni mwa Tana, na Wapokomo hawajaacha kuidai. Naitaja hapa kwa kuwa mimi siwezi kutaja ngoma za mto huu nikairuka ile kubwa yao, iliyo nzima kiwiliwili na isiyo na wa kuipiga.

Katika miaka hiyo hiyo, kule Lamu, Habib Saleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Komoro, alikuwa amekwisha kuisimamisha Riyadha, msikiti na madrasa, akawafungulia mlango watu ambao waungwana wa mji hawakuzoea kuwaona darasani, na akaleta maulidi yasomwayo kwa matari. Wako maulamaa waliochukizwa na matari ndani ya msikiti, na mjadala ukawa mrefu. Lakini maulidi yakabaki, yakaenea bara na visiwani. Ukiyatazama maulidi hayo kwa jicho la habari hii yetu utaona kwamba watu huketi au hupiga magoti kwa safu, bega kwa bega, wakayumba pamoja kama mawimbi, na aliye katikati ya safu huchukuliwa na mayumbo ya wenzake hata kama mgongo wake hauna nguvu. Kadhalika lile goma la wazee wa Lamu na Mombasa, ambamo wanaume husimama safu kwa kanzu zao safi, kila mmoja ameshika bakora, wakasogea hatua ndogo ndogo kwa utulivu mkubwa: ni mchezo ambao mwenye kutembea kwa mkongojo huingia, na macho ya watazamaji yasimtofautishe, maana kila mchezaji ana fimbo mkononi.

Kisha ikaja beni. Mwanzo wake ulikuwa Lamu na Mombasa katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, vijana walipozisikia bendi za tarumbeta za Wazungu, wakaunda zao, na mitaa ikashindana kwa sare na vyeo na matari makubwa. Halafu Vita vya 1914 vikaichukua beni pamoja na askari na wapagazi, ikaenda Tanganyika, ikaenda hata Nyasa. Vita hivyo viliwarudisha watu wengi wa Afrika Mashariki wakiwa hawana viungo walivyoondoka navyo. Na katika vita hivyo hivyo, upande mwingine wa dunia, mpiga piano wa Austria aitwaye Paul Wittgenstein alipoteza mkono wa kulia, akatiwa mateka na Warusi, na aliporudi kwao hakuiacha piano, bali aliwaendea watunzi wakubwa wa zama zake awaombe wamtungie muziki wa mkono wa kushoto peke yake. Ravel wa Ufaransa akamtungia mmoja, ukapigwa Vienna kwa mara ya kwanza mwaka 1932. Wittgenstein alikuwa mtoto wa tajiri, na aliweza kuuagiza muziki ufuate umbo lake. Mpagazi wa vita hivyo hakuwa na mali ya kuagiza chochote, lakini akirudi kijijini kwake alikuta upatu na vumi vikimngoja, vimekwisha kugawanywa.

Pamoja na beni likaja tarumbeta, na hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipita bila kuliona. Tarumbeta la shaba lina vibonyezo vitatu tu, na vyote vitatu hubonyezwa na vidole vitatu vya mkono mmoja. Mkono wa pili hufanya kazi ya kulishika, basi. Likitiwa juu ya tegemeo la mti au la chuma, mtu wa mkono mmoja aweza kupiga kila sauti iliyomo ndani yake, na aliyepoteza mkono wa kulia hujizoeza kwa wa kushoto. Kinanda cha misheni, kilichoandamana na wahubiri katika sehemu nyingi za pwani, kilikuwa kinyume chake: kilitaka mikono miwili juu ya vibao na miguu miwili ya kukanyaga mivukuto, na mwenye kiungo kimoja pungufu alikuwa hana nafasi ila katika kwaya. Wamisheni wa Neukirchen walifika Ngao, karibu na Garsen, mwaka 1887, na nyimbo za dini zikaimbwa kwa Kipokomo. Na kwa hakika kwaya ni rehema kubwa, kwa kuwa sauti haina kigutu. Walakini kuimba kwa kupenda ni jambo moja, na kuimba kwa kuwa kila ala imekukataa ni jambo jingine.

Shule nazo zilikawia. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua Thika kituo cha vipofu, cha kwanza katika Kenya, na baadaye hapo hapo Thika likafungua Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Nalo ni jeshi ambalo tangu kuasisiwa kwake lilipenda tarumbeta na matari. Mtoto wa Garsen au wa Hola aliyetaka elimu ya namna hiyo alilazimika kusafiri masafa ambayo mtoto mzima wa viungo hakutakiwa kusafiri, na wengi hawakusafiri.

Kwa habari ya mgawo wa ngoma, kisa kizuri kuliko vyote nivijuavyo hakikutokea kwetu, kilitokea Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kituo cha kuwafundisha vipofu kilimo mahali paitwapo Salama, Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa jumba la Kabaka, aliwafundisha wanafunzi muziki wa Kiganda, na mtaalamu kutoka Austria, Gerhard Kubik, akafika na mashine yake ya kunasa sauti. Miongoni mwa ala zao ni amadinda, vibao 12 vya mti vilivyolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, na wapigaji wake ni watatu: wawili huketi wakielekeana, mmoja akaweka pigo lake mahali mwenziwe alipoacha pengo, kwa upesi hata msikiaji asiweze kutenganisha, na wa tatu, akaaye kichwani, amepewa vibao viwili vya mwisho tu, basi. Vibao viwili! Na bado wimbo haukamiliki bila yake, kwa kuwa yeye ndiye achukuaye sauti iliyojificha ndani ya mapigo ya wawili wale na kuitoa juu, wazi, isikike. Sijui kama pana ala nyingine duniani inayompa mtu kazi ndogo hivi kwa mkono na kubwa hivi kwa sikio. Magogo ya migomba yamejaa kingo za Tana kutoka Hola hadi Ozi, na miti ya vibao ipo. Ni ala ambayo yaweza kutengenezwa Garsen kwa siku chache, na watoto watatu wa maumbo matatu mbalimbali wakaketi mbele yake.

Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa inakaribia uhuru, serikali iliwaita watu watano waitafutie nchi wimbo wa taifa: Graham Hyslop, aliyekuwa afisa wa muziki wa serikali na mwenye kuzijua sana ala za Kenya, George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Thomas Kalume, padre wa pwani, Peter Kibukosya, na Washington Omondi. Walisikiliza nyimbo nyingi za nchi hii, na waliyoichagua mwisho ilikuwa tuni ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, iliyotoka kwa Mzee Meza Galana wa Tana River. Hapo ndipo ninapopenda kukaa. Wimbo wa kubembeleza ni muziki usio na ala hata moja. Mama aliyembeba mtoto mikono yake imeshughulika. Hana wa kumpigia ngoma, wala hataki, kwa kuwa ngoma ingemwamsha mtoto. Kwa hiyo wazee wa mto waliitengeneza tuni hiyo kwa koo tupu, ya mwendo wa polepole, isiyopanda mahali pa kumchosha mwimbaji, na yenye marudio ambayo hata nyanya aliyepotewa na meno aweza kuyashika. Watu husema mkono mmoja haulei mwana, na ni kweli kwa mambo mengi ya malezi. Lakini mama wa mkono mmoja katika vijiji vya Tana alikuwa na wimbo huu sawasawa na mama wa miwili, wala hapakuwa na sehemu yake hata moja iliyomshinda.

Na katika mwezi wa Desemba mwaka ule bendi za askari zikaupiga kwa shaba na ngoma, bendera ikipanda.

Baada ya uhuru walitokea wanamuziki wenye ulemavu ambao wote twawajua. Wasikilizaji wa Redio Tanzania, tangu Mombasa na Lamu hata visiwa vya Zanzibar, waliizoea ngoma iliyotangulia taarifa ya habari, nao wengi hawakujua kwamba mpigaji wake, Mzee Moris Nyunyusa, alikuwa kipofu, akizungukwa na safu ya ngoma nyingi alizozipiga peke yake, kila moja akiijua mahali pake kwa urefu wa mkono wake. Katika Kenya, Reuben Kigame, aliyepoteza nuru ya macho utotoni na kusoma katika shule za vipofu za Kibos na Thika, amekuwa mtunzi na mwimbaji asikizwaye nchi nzima. Na kutoka Kinshasa, kundi la Staff Benda Bilili, ambalo wengi wa wazee wake walilemazwa na polio utotoni, wakipita mitaani juu ya baiskeli za magurudumu matatu walizoziunda wenyewe, lilitoa mwaka 2009 santuri iliyowafikisha Ulaya. Na miongoni mwa ala zao ilikuwako satonge, aliyoibuni kijana Roger Landu kwa mkebe, kijiti kilichopindwa na waya mmoja. Waya mmoja: mkono mmoja wakwanyua, mwingine wakipinda kijiti ili sauti ipande na kushuka, wala hapana haja ya kidole kugusa mahali maalumu. Mtu ambaye ukoma umemla vidole angeweza kuipiga kwa ngumi.

Uingereza nako, mwaka 2011, ikaanzishwa jumuiya ya OHMI, ambayo kazi yake ni kuwahimiza mafundi watengeneze ala za kupigwa kwa mkono mmoja, zumari zao na filimbi zao na ala nyingine, kwa matumaini kwamba mtoto wa mkono mmoja atasoma muziki ule ule wa wenzake katika darasa lile lile. Naisifu kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini tazama jinsi njia mbili zinavyotofautiana: wao wana muziki uliomtaka mtu mmoja aweze kila kitu, kwa hiyo yawabidi waigeuze ala, sisi tulikuwa na muziki uliogawanywa, ala ikabaki ilivyo na kazi ndiyo ikapunguzwa kwa kipimo cha mtu. Mtoto wa Garsen wa leo, anayepelekwa shule na kufundishwa filimbi ya plastiki yenye matundu manane, amepotewa na ile njia ya kwetu kabla hajaifikia ya kwao.

Sheria haikosekani. Kenya ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2003, na katiba ya mwaka 2010 imezitaja haki zao katika ibara ya 54. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwakusanya wanafunzi wa nchi nzima kila mwaka. Lakini waalimu wengi wenye kupenda muziki wakimwona mtoto mwenye kigutu humweka katika kwaya, safu ya nyuma, na hapo wameona wametenda hisani. Ilhali kinachotakiwa ni jioni moja ya kukaa na mtoto huyo, kumjaribisha vumi, upatu, njuga na baragumu, mpaka ijulikane ipi inamkubali.

Na tarumbeta. Tuni ile ya Mzee Meza Galana haina sauti inayolishinda tarumbeta la kawaida, na mwendo wake wa kubembelezea mtoto haukimbizi vidole. Tegemeo lake laweza kuwa kigingi cha mti kilichochimbiwa chini ya mwembe, chenye panda juu ya kulilaza tarumbeta kwa kimo cha mtoto aliyeketi; hapo mtoto huyo atie midomo yake, aweke vidole vyake vitatu juu ya vibonyezo vitatu, na ng'ambo ya mto, ambako mamake anaosha vyombo, wimbo usikike ukivuka maji.